Wino Mweupe wa Shangazi

Shangazi alikuwa na vidole visivyojua kunyamaza. Kwa miaka ishirini na saba alipiga chapa mahakamani, tena enzi za taipureta, na kanuni yake ilikuwa moja tu: sikio likisikia, mkono unaandika. Wakili akikohoa, nusura aandike kikohozi. Hakimu akisema, "Hilo lisiandikwe," lilikuwa limeshaandikwa kitambo. Hapo ndipo alipotoa kichupa cha wino mweupe wa kufutia, akapaka juu ya mstari, akapuliza, mambo yakaisha. Chini ya wino ule hakuna binadamu aliyewahi kusoma kitu. Alistaafu na sifa yake hiyo, akafungua ofisi ya kupiga chapa kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake: meza mbili, kompyuta mbili, feni inayozunguka kwa kujivuta, na mashine ya fotokopi inayotafuna karatasi kila inapojisikia.

Meza ya pili ilikuwa ya binti wa kaka yake. Mtaa mzima ulimwita Chapchap, maana hata kutembea hakutembea, alikwenda kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye vyeti. Yeye ndiye aliyeshika mambo ya picha, majalada, na kila kitu ambacho Shangazi alikiita "vitu vyenu vya kubonyeza."

Siku hiyo ya Jumamosi Chapchap alikuwa hakaliki. Kwa miezi mitano, kila Jumanne na Alhamisi, mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya bweni ya wasichana alikuja na fimbo yake, akakaa kwenye kiti cha wateja, akasimulia maisha yake, na Shangazi akapiga chapa. Sasa kitabu kilikuwa tayari. Saa kumi wanafunzi wake wa zamani, mia mbili na kumi kwa hesabu ya kamati, wangekusanyika ukumbini kumpongeza, na kila mmoja angekipata kwenye simu yake. Kabla ya hapo, saa tisa na nusu, Mwalimu angepita ofisini abonyeze kitufe cha kutuma kwa kidole chake mwenyewe. Kilikuwa kitabu cha kwanza kutoka katika chumba kile, na jalada lake alilitengeneza Chapchap. Alikuwa ameshaliangalia mara arobaini tangu asubuhi, na kila akiliangalia alizidi kujipenda.

Saa saba na nusu akasema ngoja akione kitabu kama watakavyokiona wenyewe, kwenye simu.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Kwenye kompyuta kitabu kile kilikuwa na mapengo hapa na pale, mistari miwili mitatu mitupu katikati ya ukurasa. Chapchap aliwahi kuuliza, akajibiwa kwamba vitabu vya watu wazima huacha nafasi ya msomaji kuvuta pumzi. Akaamini, angebishana na nani? Lakini simu yake ilikuwa na betri iliyochoka, naye alikuwa ameigeuza rangi ili chaji idumu: kioo cheusi, herufi nyeupe. Kitabu kilipofunguka, maandishi yote yakageuka meupe ili yasomeke. Na pale kwenye nafasi ya kuvuta pumzi, ukurasa wa sita, palikuwa na maneno.

"Huyu mhandisi wa barabara mnayemwona anakagua madaraja alikojoa kitandani mpaka kidato cha tatu. Godoro lake nilikuwa nalianika mwenyewe nyuma ya stoo. Hili usiandike."

Chapchap akacheka peke yake. Akafunua ukurasa wa tisa. "Hakimu wetu alinakili insha ya mwenzake yote, mpaka na jina la mwenzake juu. Hili usiandike." Ukurasa wa kumi na tano: "Mwalimu wa hesabu alinitaka uchumba mara nne. Usiandike, mkewe yu hai." Akaacha kucheka, akamgeukia Shangazi.

"Shangazi," aliita, "hapa kwenye mapengo, ulipaka rangi nyeupe?"

"Ehe. Yote aliyosema nisiandike." Shangazi hakuinua hata kichwa. "Thelathini na nne. Hakuna hata moja lililonipita."

"Sasa kwa nini hukuyafuta?"

"Niyafute, mistari ipande, kurasa zihame, ukurasa wa yaliyomo niupange upya? Utanipangia wewe? Nimepaka nyeupe juu ya nyeupe. Anayeona ana macho ya paka."

Chapchap akampa simu. Shangazi alishusha miwani puani, akasoma, akatelezesha kidole, akasoma tena. Kisha akaiweka simu mezani taratibu kama yai, na vidole vyake vikatulia. Chapchap hakuwahi kuviona vimetulia, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote.

"Mzoea punda hapandi farasi," Shangazi alisema mwishowe. "Mimi nimepanda, na nimeanguka naye. Haya mwanangu, ni mangapi yenye sumu?"

Waliinamia simu wote wawili, vichwa vikigongana. Mengi yalikuwa ya kuchekesha, ya kumfanya mtu akwepe wenzake mwezi mmoja, yakapita. Mpaka walipofika ukurasa wa arobaini na moja.

Pale Mwalimu alikuwa amemtaja msichana kwa jina lake na la baba yake, kidato, mpaka na namba ya kitanda. Chapchap alimjua. Wiki mbili tu zilizopita ofisi hii ilichapa vibandiko vya rafu za bohari kuu ya dawa ya hospitali, na aliyekuja kuvichukua, mama mmoja mpole wa kuhesabu kila kibandiko mara mbili, ndiye huyo. Alikuwa Mfamasia, na ufunguo wa bohari ile alikabidhiwa mwezi huo huo.

"Jumatano saa ya michezo," yalisema maandishi, "nilipita nyuma ya chumba cha wagonjwa, nikamwona dirishani anatia chupa mbili za dawa kwenye mfuko wa sketi. Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimefungua barua yake, maana barua zao zote zilipitia mezani kwangu. Mama yake alikuwa hoi na zahanati ya kwao haina kitu. Niligeuka nikarudi nilikotoka. Kwenye kitabu cha dawa niliandika kwamba chupa nimezivunja mimi. Wakaguzi wakasema mwalimu mkuu mzembe, mwisho wa mwezi nikahamishwa. Yeye hajui kama nilimwona, na asijue. Hili, dada yangu, usiandike hata kwa utani."

Shangazi akaketi. "Mwizi wa dawa, leo kakabidhiwa bohari," alisema kwa sauti ndogo. "Ndivyo watakavyosema. Hakuna atakayesoma habari ya mama mgonjwa. Watu mia mbili na kumi, na kila mmoja ana mdomo."

"Na hospitali watasikia kabla ya Jumatatu."

"Kesho watasikia."

Roho ya Chapchap ilikuwa juujuu, lakini saa ilikuwa bado upande wao, na kwa kweli damu ilianza kumchemka kwa namna ya mchezaji aliyepewa mpira dakika za mwisho. Akarudi kwenye kompyuta yake mbio. Ndipo alipoona, kwenye kona ya juu ya faili, alama ndogo ya jicho na namba moja pembeni. Kuna mtu alikuwa anakisoma kitabu saa hiyohiyo.

"Shangazi, linki hii umempa nani?"

"Msemaji," Shangazi akasema. "Kamati walitaka atakayetoa neno la shukrani akisome mapema. Nimemtumia saa nne."

"Msemaji ni nani?"

"Jina hawakusema. Wanataka kumshtukiza Mwalimu. Wamenipa namba tu."

Chapchap akapiga namba ile. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita, ikakata. Hapo hakungoja ushauri wa mtu, akaifunga ile linki kwa mibonyezo miwili, na jicho likatoweka. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Aliyekwisha kusoma kakwisha kusoma, na wao hawakujua ni nani wala kafika ukurasa gani, wala kama kioo cha simu yake ni cheupe au cheusi.

"Tukikaa kujiuliza tutapitwa na saa," Chapchap akasema. "Leta kiti. Wewe soma namba za kurasa, mimi nafuta."

Mlioingia ofisi ile siku nyingine mnajua Shangazi hakuwahi kuamriwa na mtu. Siku hiyo alileta kiti. Chapchap alilishika faili lote akayageuza maandishi yake yote kuwa meusi kwa mkupuo mmoja, na yale thelathini na nne yakatoka mafichoni kama panya waliowashiwa taa. "Sita," Shangazi akasema, yakafutwa. "Tisa." Yakafutwa. "Kumi na tano, ila huyo mwalimu wa hesabu hata mimi nilimshuku." Walikwenda hivyo bila kupumua, na kusema kweli ilikuwa raha, raha ya kukimbia mvua ukiwa karibu na nyumba. Jasho liliwatoka, feni ikajivuta, mtu aligonga kutaka fotokopi akaambiwa arudi Jumatatu.

Walipomaliza Shangazi alitaka kujinyoosha.

"Bado," Chapchap akasema. "Hii siyo karatasi. Faili lina kumbukumbu kuliko mke mwenza. Kila nilichofuta limekiweka kwenye historia yake. Mtu akijua pa kurudi nyuma anakikuta kizima."

"Hata nilichofuta?"

"Hata ulichofuta. Na maoni ya pembeni je? Haya uliyoandika, 'Mwalimu leo kachoka, anajirudiarudia,' yana jina lako, tarehe na saa."

Shangazi akajishika kifua. Hilo aliliona ni lake yeye na kompyuta.

Kwa hiyo Chapchap akafungua faili jipya, tupu, lisilo na jana, akahamishia humo maandishi masafi tu, bila historia wala maoni ya pembeni. Akalifungua kwenye simu yake, kioo kikiwa cheusi vilevile, akapita ukurasa mmoja mmoja. Safi. Faili la zamani aliliacha kwanza, akiwaza amjue yule msomaji mmoja kabla ya kulizika.

Saa tisa na dakika kumi mlango ulisukumwa, na msomaji akaingia kwa miguu yake.

Alikuwa Mfamasia. Amevaa nguo ya sherehe, simu mkononi, na Chapchap aliona kutoka pale alipokaa kwamba kioo chake kilikuwa cheusi. Mtu anayesoma lebo za dawa kutwa nzima hutaka kuyapumzisha macho.

"Ukurasa wa arobaini na moja," alisema. Hata hodi hakupiga. "Nani mwingine amesoma?"

"Sisi wawili," Chapchap akajibu. "Na wewe. Basi."

"Kweli?"

"Kweli tupu, dada. Linki imefungwa. Kitabu kitakachotumwa ni kingine, maneno hayo hayamo. Njoo uone."

Mfamasia akaja, akasimama nyuma yake, akakisoma kile kipya kutoka ukurasa wa arobaini mpaka wa arobaini na tatu, kisha mara ya pili. Shangazi alikuwa amejiinamia. "Ni mimi, mwanangu," alisema. "Yeye alisema nisiandike. Mikono yangu ndiyo iliyoandika, na nikadhani nimeficha. Nisamehe."

Mfamasia alivuta kiti cha wateja, akakaa. "Miaka thelathini na moja nilikuwa najua hakuna aliyeniona," alisema. "Mikutano yao yote siendi, nasingizia zamu. Nitamtazamaje usoni? Safari hii wamenikamata, wakanipa hotuba kwa nguvu. Nikasema nisome kitabu, niokote maneno mawili matatu ya kusema." Akacheka, machozi yakimtoka. "Siku anahamishwa nilikuwa mstari wa mbele namwimbia wimbo wa kumuaga. Kwa sauti, tena. Kumbe alikuwa anaondoka kwa ajili yangu."

Chapchap alifungua faili la zamani akamsogezea kompyuta. "Hili bado lipo," alisema. "Ni habari yako, siyo yetu. Ukisema lifutwe tunalifuta na nakala zake zote. Ukitaka ukurasa wako uuchukue kwanza, chukua."

Mfamasia alisoma ile mistari tena, midomo ikicheza, kama anayeihifadhi kichwani. Akabonyeza mwenyewe. Akabonyeza tena pale kompyuta ilipouliza kama ana hakika. Chapchap akamwonyesha pipa la taka la kompyuta, wakalimwaga nalo. Kwenye simu yake pia wakahakikisha hakikubaki kitu.

"Mwalimu asijue kwamba nimesoma," alisema akijifuta uso. "Alitaka nisijue. Nimheshimu kwa hilo angalau."

"Hatajua," Shangazi akaapa.

Hatajua. Maneno hayo yalikuwa hata hayajapoa, fimbo ikagonga kizingitini, saa tisa na nusu kamili. Mwalimu alikuwa mtu wa kengele maisha yake yote.

Aliingia amependeza, anatabasamu, mkono umetangulia tayari kutafuta kitufe chake. Kisha akamwona aliyekaa kwenye kiti cha wateja. Walikuwa hawajaonana tangu siku ya ule wimbo, lakini mwalimu hasahau uso, huongezea miaka tu. Alilitaja jina lake lote, na la baba yake.

"Shikamoo, Mwalimu," Mfamasia akasema, akainuka.

"Marahaba. Umelia."

"Vumbi tu, Mwalimu."

"Vumbi la wapi, na dirisha limefungwa?" Aliwatazama mmoja mmoja kama wasichana waliokutwa nje ya bweni. Chapchap akaangalia feni. Na Shangazi, mwanamke aliyesikia siri za mahakama miaka ishirini na saba bila kutikisika, akapasuka.

"Uliposema nisiandike, niliandika," alisema. "Yote. Nikayapaka nyeupe. Tumeyafuta, Mwalimu, hayapo tena. Lakini yeye alitangulia kusoma yake."

Mwalimu alisimama, ameegemea fimbo kwa mikono miwili. Chapchap alijua sasa ndipo kazi ya miezi mitano inapoporomoka. Alijiandaa kwa hasira, na hasira ilikuwa haki ya Mwalimu.

"Nilikuahidi," Mwalimu akasema, akimtazama Mfamasia. "Wewe hukujua, lakini pale dirishani nilikuahidi. Na ahadi imevunjika kwa mdomo wangu mwenyewe. Mtu asiyetaka jambo liandikwe asilitamke mbele ya mpiga chapa." Akavuta pumzi. Sauti ilipotoka tena haikuwa ya mwalimu mkuu hata kidogo. "Basi niambie. Mama yako alipona?"

Mfamasia akatikisa kichwa kuitikia, mara nyingi, kama mtoto.

"Miaka thelathini na moja," Mwalimu akasema. "Niliondoka sijui. Sikuwa na wa kumuuliza."

Mfamasia akachukua simu, akabonyeza, akaiweka sauti kubwa, akamshikisha Mwalimu mkononi. Iliita mara tatu.

"Nani huyo?" Ilikuwa sauti ya ajuza, kali, ya mtu aliyekatizwa usingizi wa mchana. "Sema kwa nguvu, masikio yangu yamestaafu."

Mwalimu aliyehutubia magwaride ya asubuhi miaka thelathini na tano alikohoa mara mbili. "Mimi ni mwalimu," alisema. "Nilimfundisha binti yako, shule ya bweni."

"Mwalimu yupi? Yule Mwalimu Mkuu?"

"Huyo."

Kitanda kilisikika kikilia, ajuza akiinuka kukaa.

"Wewe ndiye uliyenitumia zile dawa," sauti ikasema, na ukali wote ulikuwa umekwisha. "Alizileta dereva wa lori la chakula, pamoja na barua ya binti: Mwalimu Mkuu amesikia unaumwa, amekutumia hizi. Nilikuwa nimeshaaga, mwalimu wangu. Mpaka leo kila asubuhi nakuombea wewe kwanza, huyo binti ndiyo anafuata. Namwambia kila siku nipeleke nikamshukuru, anasema ana zamu. Ni wewe kweli?"

Mfamasia alikuwa ameziba uso kwa viganja viwili. Mwalimu alimtazama, akauweka mkono wake begani kwake.

"Ni mimi, mama," alisema kwenye simu. "Ni mimi niliyezituma."